Alikuwa Akila Amesimama

Mhariri wa jarida hili aliponipigia simu alitaka vitu viwili: msichana aliyeuzwa Uarabuni akarudi, na picha yake. Uso tungeuficha, alisema. Angeketi ameupa mgongo mlango, mwanga umpige kwa nyuma abaki kivuli. Nikamwambia nitamuuliza mwenyewe. Jibu alilonipa nitalitoa mwishoni. Kwanza mnijue mimi, na mjue watu hawa wanafikaje kibandani kwangu.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea Kisauni, Mombasa, mwendo mfupi kutoka soko la Kongowea, na nimekuwa hapo miaka 23. Kazi yangu ni madera, sare za shule na nguo za Idi. Kibandani mna vyerehani vinne: viwili vya kukanyaga, kimoja cha umeme, na ovaloki inayogoma kila mvua ikinyesha. Sikusomea ushauri nasaha. Mwaka 2014 ofisa mmoja wa ustawi wa jamii, mteja wangu, alikuja kuchukua dera lake akanikuta nikilalamika kwamba sina mtu wa kunisaidia kutia vifungo. Akasema, "Ninaye mtu, lakini ametoka mbali." Kesho yake akaniletea mwanamke aliyerudi kutoka Saudia.

Tangu siku hiyo nimepokea watu 31. Nawaweka katika daftari la vipimo, kila mtu ukurasa wake, bila jina: bega, kifua, kiuno, urefu. Kazi ya kwanza ya kila mmoja ni kujishonea nguo yake mwenyewe, kwa hiyo nawajua kwa vipimo kuliko kwa hadithi zao. Ninayoyaeleza hapa nimeruhusiwa na wenyewe, na pale waliponiambia nibadilishe mji au jambo, nimebadilisha.

Huyo wa kwanza alikuwa akila amesimama. Adhuhuri tunatandika mkeka, tunapakua wali na mchicha, au mbaazi na mahamri yaliyobaki asubuhi, sote tunaketi chini. Yeye alichukua sahani yake akasimama kando ya mlango, akala upesi upesi, jicho likiwa barabarani. Nikamwambia, "Keti, mwanangu." Akaketi, lakini hakula tena. Kesho yake nikamwacha asimame. Baadaye sana ndipo aliponiambia kwamba katika nyumba aliyokuwa shagala, yaani mtumishi wa ndani, kule Riyadh, kwa miezi 19, hakuwahi kuketi kula. Alikula jikoni, wima, kilichobaki, kabla hajaitwa tena. Alikuwa pia akiniomba ruhusa ya kwenda msalani. Mwanamke wa miaka 27, mama wa watoto wawili, ananyoosha kidole kama mtoto wa darasa la pili.

Mafiga matatu

Watu wakisikia "usafirishaji haramu wa binadamu" hufikiria minyororo na lori la usiku. Wengi niliowapokea waliondoka mchana kweupe, kwa ndege, na pasipoti halali, wakisindikizwa na jamaa hadi uwanjani. Na si kila aendaye Ghuba ameuzwa. Mtaani kwangu ziko nyumba zilizojengwa kwa mishahara ya Doha na Jeddah, na wenyewe huenda na kurudi wapendapo. Basi tofauti iko wapi?

Wakili mmoja alitueleza kwa mafiga matatu, na sijapata maelezo bora. Figa la kwanza ni kitendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea. La pili ni njia: nguvu, vitisho, udanganyifu, au kumtumia kwa sababu ya shida zake. La tatu ni kusudi: kumnyonya, iwe kwa kazi ya kulazimishwa, kwa ukahaba, kwa utumwa au kwa kumtoa viungo vya mwili. Mafiga yote matatu yakiwepo, chungu kimekaa. Ndivyo inavyosema itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, iliyopewa jina la mji wa Palermo. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008, Kenya ikafuata mwaka 2010. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, figa la njia halitafutwi. Kitendo na kusudi vinatosha.

Kuna jambo katika sheria ambalo waliorudi hulisikia kwa mshangao: kukubali kwako hakumsafishi aliyekudanganya. "Lakini Fundi, nilisaini mwenyewe," huniambia, kana kwamba wanakiri wizi. Ndiyo, ulisaini. Ulisaini kazi ya hoteli, siku moja ya mapumziko kwa wiki na riyali 900 kwa mwezi. Hukusaini kufungiwa ndani, kunyang'anywa simu na kupelekwa kufua katika nyumba tatu za ukoo mmoja.

Kule Ghuba kamba yenyewe huitwa kafala. Kibali cha mgeni kuishi nchini hufungwa kwa mwajiri mmoja, kafili. Mfanyakazi akikimbia, mwajiri humripoti kuwa ametoroka, na kuanzia hapo yeye ndiye mkosaji, hata kama alichokimbia ni maji ya moto. Saudi Arabia ililegeza masharti hayo mwaka 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani wakaachwa nje ya mabadiliko. Wakenya huko wana neno lao. Aliyetoroka akaishi kwa vibarua vya kujificha huitwa "kemboi", kwa jina la Ezekiel Kemboi, bingwa wetu wa Olimpiki wa mbio za kuruka viunzi na maji. Neno hilo huwachekesha hata wao. Tofauti yao na Kemboi mwenyewe ni kwamba Kemboi aliujua mstari wa mwisho ulipo.

Wala usitazame ng'ambo tu. Wawili katika daftari langu walitolewa vijijini Kilifi na Kwale wakiwa na miaka 13 na 14, waje kulea watoto wa watu hapa hapa Mombasa kwa ahadi ya kusomeshwa. Tanzania nayo ina wasichana wanaoletwa Dar es Salaam kutoka Iringa, Singida na Dodoma kwa ahadi kama hiyo. Kule Mwanza liko shirika la WoteSawa linalowatetea, na mwanzilishi wake, Angela Benedicto, aliwahi kuwa mtoto mfanyakazi wa nyumbani yeye mwenyewe.

Nao si wanawake peke yao. Kijana mmoja aliletwa kwangu mwaka 2025 na mama yake. Alikuwa ameahidiwa kazi ya huduma kwa wateja Thailand, kazi ya kompyuta, ofisi yenye kiyoyozi. Akavushwa mto Moei usiku, akajikuta Myawaddy, upande wa Myanmar, ndani ya ua wenye walinzi wa bunduki. Kazi ilikuwa kuwaandikia ujumbe wa mapenzi watu asiowajua, huko Marekani na Ulaya, mpaka watoe akiba zao. Asiyefikisha kiwango alipigwa. Mapema mwaka huo maelfu ya watu kama yeye, wakiwemo Wakenya, Waganda na Wahabeshi, walitolewa katika nyua hizo wakavushwa kurudi Thailand. Alipofika nyumbani, mtaa ulimpa jina moja: tapeli. Hata baba yake alimuuliza, "Pesa mlizowaibia wazungu ziko wapi?" Sheria ya Kenya inasema aliyesafirishwa kiharamu hashtakiwi kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kusafirishwa huko. Baba hakuwa ameisoma. Kijana hawezi kushika simu ikilia mara mbili, lakini mpe mkasi: hakuna anayekata kitambaa kwa mstari ulionyooka kama yeye.

Deni husafiri naye

Anayerudi hutazamwa mikononi kwanza. Majirani wanasubiri masanduku, yeye ameshika mfuko wa plastiki. Wadogo zake wanatafuta simu mpya. Mama anatabasamu, lakini usiku anauliza kwa sauti ya chini, "Na chama nitawaambia nini?"

Wa tano katika daftari langu alikuja na deni la shilingi 74,000. Elfu 40 zilikuwa za chama cha akiba cha mama yake, 22 za mjomba, 12 za duka lililokuwa likiwapa unga watoto wake kwa kuandikisha alipokuwa mbali. Hakuna hata senti moja katika hizo aliyoila yeye: zilikwenda kwa ajenti, kwa vipimo vya hospitali, kwa nauli za kwenda na kurudi Nairobi kufuata karatasi, na kwa tumbo la nyumbani. Siku ya tatu tangu aanze kazi kwangu, mjomba alisimama mlangoni pa kibanda. Hakutukana. Alisimama tu. Msichana alishona mshono mmoja mara nne, akaufumua mara nne.

Nilijifunza hapo kwamba huwezi kumfundisha kazi mtu ambaye masikio yake yanasikiliza mlango. Tukaketi Ijumaa moja baada ya swala: mimi, mama yake, mweka hazina wa chama, mjomba na mzee wa mtaa. Tukaandika karatasi. Riba isimame. Alipe shilingi 500 kila wiki, kuanzia mwezi wa nne, atakapokuwa amejua kushona sare. Mjomba aje kuchukua sehemu yake kwa mzee wa mtaa, asije kibandani. Ilimchukua karibu miaka mitatu. Siku ya mwisho aliomba daftari langu, akaenda kwenye ukurasa wake, na chini ya kiuno na urefu akaandika sifuri kubwa akaizungushia duara.

Nawaambia wafadhili wanaotutembelea: mnaleta vyerehani, shukrani, lakini ulizeni deni. Deni ndilo linalomrudisha mtu kwa ajenti yule yule. Wanne niliowapokea waliondoka tena kabla ya mwaka kuisha, na wawili kati yao walikuwa wakijua vyema wanakokwenda. Mmoja aliniambia, "Fundi, kule napigwa na mtu mmoja. Hapa nadaiwa na mtaa mzima."

Tena huyo ajenti mara nyingi si mgeni. Ni mke wa binamu, ni rafiki wa kanisani, ni shangazi wa kambo aliyekwisha kupeleka wengine wawili wakafanikiwa. Sheria ya Kenya inampa mfanyabiashara huyu kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Lakini wewe unayemshitaki utakutana naye Idi, matangani na kwenye harusi. Ukoo utakuita uketi, uambiwe yaishe. Wengi huyaacha, na mimi sijamlaumu hata mmoja.

Kosa langu

Mwaka 2016 kikundi kimoja kilikuwa na semina hotelini. Walinipigia wakaomba "manusura" mmoja aje atoe ushuhuda. Nilijisikia vizuri, sitasema uongo: kibanda changu kimejulikana. Nikamwambia mmoja wa wasichana wangu. Akajibu, "Sawa, Fundi."

Leo najua kwamba ile sawa haikuwa sawa. Ilikuwa sawa ya jikoni kwa madam, neno la mtu asiye na neno jingine. Sikuisikia tofauti.

Akaenda, akazungumza, watu wakalia. Wengine walikuwa wakirekodi kwa simu. Akapewa soda, kitambaa cha kujifuta machozi na shilingi 1,000 za nauli. Kufika jioni, sauti yake ilikuwa katika kundi la WhatsApp la kwao, na mama mkwe wake akayasikia kwa simu mambo ambayo yeye hakuwahi kumwambia hata mumewe. Mambo hayo siyasemi; hayakuwa yangu wakati ule wala si yangu sasa. Wiki saba hakuja kazini. Ya nane alikuja kuchukua mkasi wake, akasimama nje, nikampa kwa dirishani. Ukurasa wake haujajazwa. Ninacho kifua na kiuno. Urefu wa mkono sikuwahi kuupima.

Baadaye tulipata mafunzo kutoka kwa watu wanaoijua kazi hii, nikaelewa nilichofanya. Walisema mtu aliyepitia mateso hayakumbuki kama filamu, mwanzo hadi mwisho. Anayakumbuka vipande vipande: harufu ya dawa ya kusafishia choo, mlio wa kengele, rangi ya zulia. Ukimlazimisha apange vipande hivyo mbele ya watu, mwili wake haujui kwamba yuko Mombasa, unarudi kule. Na kwa kuwa vipande havikai sawa, anachomwambia polisi Jumatatu hakitafanana kabisa na anachomwambia daktari Alhamisi. Hapo ndipo anapoitwa mwongo. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuzungumza na wanawake waliosafirishwa kiharamu, na kanuni yake ya kwanza ni fupi: usimdhuru. Nyingine inasema usimwahidi usichoweza kukitimiza. Mimi nilikuwa nimevunja zote mbili kabla ya chakula cha mchana, maana nilimwahidi pia kwamba watakaomsikia watamsaidia.

Kengeleni

Kila asubuhi matatu yangu hupita Kengeleni. Kwa abiria wengi hilo ni jina la kituo tu. Lakini kengele yenyewe ipo, kumbukumbu ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kiingereza miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Yalipewa jina la Bartle Frere, aliyetumwa kwa Sultani Barghash wa Zanzibar mwaka 1873 kushinikiza mkataba wa kukomesha biashara ile. Kengele ilikuwa ya kuwatahadharisha wakazi pale wenye watumwa walipotishia kuja kuwatwaa.

Walipewa ardhi, kanisa, shule na ufundi: useremala, uhunzi, ujenzi. Utaona kwamba wazo la kumpa mtu aliyeokolewa kazi ya mikono halikuanza na mimi wala na wafadhili. Lakini wapo pia wazee wa Kisauni wanaoeleza walivyohadithiwa upande wa pili: kwamba mkombolewa alipangiwa kazi, alipangiwa mwenendo, na nidhamu ya mabwana wa misheni ilikuwa kali hadi viboko. Alitoka kwa bwana mmoja akaingia kwa bwana mwingine, mwenye nia njema.

Hilo hunisumbua kila nipitapo pale, kwa sababu nimeliona na wakati huu wetu. Mmoja wa wasichana wangu alipitia nyumba ya hifadhi kabla ya kuja kwangu. Walimlisha vizuri, walimtibu, hawakumpiga. Lakini geti lilifungwa, saa ya kulala ilipangwa, na simu yake ikawekwa kabatini ofisini. Ilikuwa kwa usalama wake, na huenda kweli alikuwa hatarini. Yeye aliniambia maneno machache tu: "Kule walichukua simu yangu. Hapa pia walichukua simu yangu."

Hili ndilo ninalotaka msomaji alibebe. Walichonyang'anywa watu hawa, kabla ya mshahara na kabla ya pasipoti, ni uamuzi: ule na saa ngapi, ulale lini, uvae nini, umjibu nani. Ukiwapa kila kitu, nyumba, dawa, cherehani, lakini uamuzi ukabaki nao wewe, utakuwa umewabadilishia mwajiri.

Rangi yoyote

Kwa hiyo kibanda changu kina kanuni chache, nyingi zikiwa zangu mimi kuzifuata. Mlango haufungwi mtu akiwa ndani, hata mvua ikinyesha. Ovaloki na ilowe. Simu ni yake. Simgusi mwanafunzi bila kumwambia, hata nikiwa nampima: nasema "sasa bega," nangoja, kisha naweka futi. Mkasi ni wake tangu siku ya kwanza na ameuandika alama yake. Nguo ya kwanza anayomshonea mteja ikilipwa, pesa zinakwenda mkononi mwake, hata kama kola imepinda na mteja ameipunguzia bei. Na hakuna anayeulizwa yaliyomkuta. Akitaka kusema, vyerehani vina kelele, hasikiki na wa nje.

Kazi yenyewe huanza na swali moja. Natandaza vitambaa mezani namwambia, "Unataka rangi gani?"

Karibu wote hujibu, "Yoyote, Fundi."

Zamani ningechagua mimi, tuanze kazi. Siku hizi nangoja. Nampa vifungo ashone, ashone pindo, apige pasi, na vitambaa vinabaki mezani. Kila siku chache nauliza tena. Mmoja alikaa wiki tano. Asubuhi moja alisimama akavuta kitambaa kimoja cha kijani, akakirudisha, akavuta kingine kilichopauka kidogo. "Hiki," akasema. "Kile kinang'aa sana, sikipendi." Sikumpigia makofi wala kumkumbatia. Nilimuuliza mikono iwe mirefu au mifupi. Lakini nilikuwa nimengoja siku 35 kusikia neno "sikipendi".

Wapo wanaokuja na watoto. Mmoja alikuja na wa miaka mitatu, aliyezaliwa kule, anayejua Kiarabu cha jikoni kuliko Kiswahili. Mtoto wa namna hiyo, aliyezaliwa nje ya ndoa, mara nyingi hukosa cheti cha kuzaliwa, na bila karatasi mama hawezi kuondoka naye; huyu alihangaika zaidi ya mwaka kabla hajapanda ndege. Mtaa ulitaka kujua baba ni nani. Nikawaambia wateja wangu kwamba anayeuliza swali hilo kibandani atashonewa nguo yake mwisho wa foleni. Liliisha wiki ile ile.

Akirudi wa kwenu

Niliyojifunza kwa miaka hii yanaweza kufaa nyumba yoyote.

Mpeleke hospitali, lakini muulize kama anataka uingie naye au ungoje nje. Wengi hurudi na mgongo mbovu, vidonda vya tumbo, meno, ngozi iliyoungua kwa dawa za kusafishia. Kama alibakwa na hazijapita saa 72, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi bado zinaweza kumsaidia, kwa hiyo siku hizo tatu ni za hospitali, si za kikao cha ukoo. Usingizi ukigoma kwa wiki nyingi, akishtuka kwa kila kishindo, hajarogwa wala hana kiburi. Tafuteni mshauri nasaha.

Asifute kitu. Kwa aibu wengi hufuta ujumbe, sauti za ajenti, picha za mkataba, risiti za kutuma pesa. Hizo ndizo zitakazosimama mahakamani siku akiamua kushitaki, mwaka huu au baada ya miaka mitatu. Mahakama inaweza kuamuru aliyemuuza amlipe fidia, na sheria ile ile ya 2010 iliunda mfuko wa taifa wa kuwasaidia waliotendewa hivyo. Uamuzi wa kwenda polisi uwe wake. Kazi yenu ni kuzitunza karatasi.

Kwa mtoto, namba 116 ni ya bure, Kenya na Tanzania. Kwa ukatili wa kijinsia nchini Kenya iko 1195. Mombasa liko shirika la Trace Kenya na Nairobi liko HAART, yote mawili yanaifanya kazi hii hasa. Ukipiga simu kwa niaba yake, mwambie kabla hujapiga, na akuambie nini cha kusema na nini cha kuacha.

Deni liandikeni mapema, mbele ya mzee anayeheshimika, kwa kiasi anachoweza. Na wenye chama, tafadhali: hakuna mkopo uliowahi kulipika kwa kumwaibisha mdaiwa.

Mwisho, msimwite jina. Watu wa semina husema "mwathiriwa", siku hizi "manusura". Ni maneno mazuri kwenye karatasi. Wenyewe nimewasikia wakisema "sisi tuliorudi", basi.

Picha

Sasa nirudi kwa mhariri. Niliyemfikiria ni yule wa kwanza, aliyekuwa akila amesimama. Hakuondoka. Cherehani cha umeme ni chake sasa, amekinunua kwangu kwa kulipa kidogo kidogo, na wanaoingia wapya yeye ndiye anayewafundisha kutia zipu. Ana maneno mengi kuliko mimi. Nikaona kama yupo wa kuzungumza, ni yeye.

Tulikuwa katikati ya msimu wa sare, shule zikikaribia kufunguliwa, mashati meupe yamejaa hadi kwenye viti. Nikamweleza yote: jarida, mhariri, picha, uso uliofichwa, nauli. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye kijimto chake.

"Sitaki, Fundi."

Nikasema, "Sawa."

Akashona upande mmoja wa shati hadi mwisho, akakata uzi. "Ya kula nimesimama, andika. Wengine wayajue. Hayo mengine ni yangu." Kisha akaliinua lile shati, akaligeuza, akanitazama. "Na hizi kola umezikata kubwa. Zote."

Nikachukua futi nikapima. Kweli zilikuwa kubwa.